Geti pana la mbao lisiloburuza chini: anza na nguzo, mbao baadaye

Mbele ya mageti mengi ya Mbeya na Iringa kuna alama ya robo duara iliyochimbika kwenye moramu. Hapo ndipo ncha ya mlango inapoburuza. Mwenye nyumba huunyanyua kwa mkono, baadaye kwa goti, na mwisho hufungulia upande mmoja tu. Lawama humwangukia muuza mbao, ilhali mbao nyingi za namna hiyo ni nzima. Kilichoshindwa ni nguzo, bawaba, au mbao ya mshazari iliyowekwa kinyume, na yote matatu huamuliwa kabla randa haijagusa ubao.

Mwongozo huu ni wa geti la kuingilia gari lenye nafasi ya mita 4, milango miwili, kimo cha mita 1.65. Vipimo vyako vikitofautiana, hesabu hubaki ileile.

Kwanza hesabu, maana upana hulipwa mara mbili

Mlango wa geti hauning'inii tu, unavuta. Bawaba ya juu inavutwa itoke kwenye nguzo, na ya chini inasukumwa iingie. Nguvu hiyo hupatikana hivi: zidisha uzito wa mlango kwa nusu ya upana wake, kisha gawanya kwa umbali kati ya bawaba mbili.

Mlango wa paini iliyokauka wenye upana wa mita 1.97 na kimo cha mita 1.65 huwa na kama kilo 65 pamoja na vyuma. Bawaba zikiwa mita 1.25 kutoka moja hadi nyingine, bawaba ya juu huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 50. Sasa chukua nafasi ileile ya mita 4 uifunge kwa mlango mmoja. Uzito unakuwa kilo 130, nusu ya upana inakuwa karibu mita 2, na mvuto unafika kama kilo 205. Upana umeongezeka mara mbili, mzigo wa bawaba umeongezeka mara nne. Ndiyo sababu geti la mbao la mlango mmoja likizidi mita 2.5 ni kutafuta kazi ya kila mwaka.

Mtoto wa kilo 30 akibembea kwenye ncha ya mlango wa mita 1.97, bawaba ya juu huongezewa kama kilo 47, yaani mzigo unakaribia kuwa mara mbili. Na watoto watabembea tu, kwa hiyo wahesabu.

Hesabu hiyohiyo inakuambia pa kupunguza. Sogeza bawaba zako mbali kadiri inavyowezekana, moja kwenye mbao ya mlalo ya juu, nyingine kwenye ya chini. Mbao nzito zikae upande wa nguzo, nyepesi upande wa ncha. Bawaba ya tatu katikati haisaidii mvuto, na zikiwa tatu ni vigumu kuzinyoosha kwenye mstari mmoja. Mbili nzuri zinatosha.

Upana, na mteremko wa ardhi

Gari dogo hupita kwenye mita 3, lakini likiingia kwa kukata kona kutoka mtaa mwembamba linahitaji zaidi, na lori la mchanga lina upana wa kama mita 2.5 bila vioo. Mita 4 kati ya uso wa nguzo na uso wa nguzo ni kipimo chema. Toa milimita 20 kila upande kwa ajili ya bawaba, na milimita 15 katikati milango inapokutana. Hubaki 3,945, kila mlango ukapata milimita 1,970 na chenji.

Nafasi ikiruhusu, lisogeze geti ndani mita 5 kutoka ukingo wa barabara, gari lisimame hapo bila kuziba njia wakati mlango unafunguliwa.

Mteremko ndio mtego wa nyanda hizi. Kiwanja kikipanda kuelekea ndani kwa sentimita 10 kila mita, mlango wa karibu mita 2 unaofunguka kwa ndani utahitaji pengo la sentimita 20 chini yake ndipo ufike mwisho. Hilo si pengo, ni njia ya mbwa wa jirani. Usilifungue geti kwa nje juu ya barabara kukwepa tatizo. Chimba na kusawazisha eneo la mita 2.5 ndani ya geti kabla ya kuweka nguzo, na mfereji wa maji ya mvua uupitishe pembeni, usikatize kati ya nguzo. Kwenye njia tambarare pengo la sentimita 6 chini linatosha.

Nguzo

Nguzo ikiinama sentimita 1 kati ya bawaba zilizoachana mita 1.25, ncha ya mlango hushuka sentimita 1.6. Hakuna useremala unaoweza kuficha hilo.

Paipu ya mraba ya milimita 100 kwa 100, unene wa milimita 4, inafaa. Kila nguzo iwe mita 2.8, mita 1 ardhini na 1.8 juu, hivyo paipu moja ndefu ya dukani hutoa zote mbili. Ziba kichwa kwa kuchomelea bati nene, maji yasijae ndani yakaozesha nguzo kuanzia chini ambako huoni.

Shimo liwe sentimita 50 kwa 50, kina mita 1.1. Sentimita 10 za chini jaza kokoto zilizoshindiliwa. Kama ardhi ni udongo wa kujazia uliomwagwa wakati wa kusawazisha kiwanja, chimba hadi ufikie ardhi yake ya asili, hata kama ni mita 1.5. Kwenye udongo laini wa Rungwe, panua kitako cha shimo kiwe kipana kuliko mdomo.

Jambo linaloachwa na wengi, na lenye faida kubwa kuliko yote kwa geti pana, ni mkanda wa zege unaounganisha nguzo mbili chini ya njia ya gari. Milango miwili huvuta nguzo zote mbili kuelekea katikati. Mkanda huo unazikinga zisisogeleane. Chimba mtaro wa sentimita 30 kwa 30 kati ya mashimo, laza nondo 4 za milimita 12 zikiingia ndani ya mashimo yote mawili, funga ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Nondo 2 za mita 12 kwa kila aina zinatosha. Zege iwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa nguzo mbili na mkanda andaa mifuko 6 ya saruji ya kilo 50, wa saba akiba, na mchanga kama nusu mita ya ujazo, kokoto mara mbili yake. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi akiongeza ili zege iteleze vizuri, anakuuzia udhaifu.

Simamisha nguzo kwa timazi pande mbili, zifunge kwa mirunda, kisha pima umbali juu na chini. Vipimo viwili vikilingana, mimina. Mwagilia siku 7. Usitundike mlango kabla ya siku 14. Ukingoja siku 28 ni bora zaidi, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Njombe na Mufindi huchelewesha zege kushika.

Ukipenda nguzo za tofali, tofali ziwe vazi tu. Ndani simamisha paipu au nondo 4 na zege, na vipande vya chuma vya kushikia bawaba vichomelewe kwenye chuma hicho cha ndani. Bolti iliyopigwa kwenye tofali ya kuchoma na plagi ya plastiki itachomoka na kipande cha tofali.

Nguzo za mlingoti (mkaratusi) zilizotiwa dawa, kama zile za umeme, nazo hufaa kwa geti la shambani. Kitako cha kiwandani ndicho kiende ardhini, na kukata kufanyike juu tu, kwa sababu dawa haifiki kiini. Vipande vinavyobaki visiwe kuni: dawa hiyo ya kijani mara nyingi ina aseniki.

Mbao

Paini ya Mafinga na Sao Hill ni nafuu na nyepesi, na wepesi ndio tunaoutaka, lakini bila dawa huoza haraka na mchwa huipenda. Nunua iliyotiwa dawa. Saiprasi huvumilia mvua kuliko paini na hunyooka vizuri. Ukiipata kavu, ichukue bila kufikiri mara mbili. Mlingoti una nguvu, ila ni mzito na hujipinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo haufai kwa fremu. Mninga hutulia kuliko zote, haunyauki sana, na bei yake unaijua. Mlango huohuo kwa mninga hufika kama kilo 85, basi bawaba na nguzo zifuate.

Ukavu una uzito kuliko aina ya mti. Paini mbichi huweza kuwa na maji mengi kuliko uzito wa mti wenyewe. Ubao wa inchi 6 ukitoka ubichi hadi ukavu hupungua milimita 5 hadi 7 kwa upana, na kiungo kilichobana vizuri siku ya kwanza huanza kucheza. Panga mbao kivulini, vijiti kila sentimita 60, mawe juu ya rundo. Mbao za inchi 1 zipe miezi 2 hadi 3 ya kiangazi, za inchi 2 miezi 4 hadi 6. Njia ya kuhakikisha bila kifaa: chukua kipande kimoja, kipime kwenye mzani wa duka kila wiki. Uzito usipopungua tena wiki mbili mfululizo, mbao zimekauka kadiri hewa yako inavyoruhusu.

Kwa milango yote miwili utahitaji, kwa mbao za futi 12 (unene na upana ni kwa inchi):

- 2x6, vipande 2. Kila kimoja hutoa mwimo wa bawaba (mbao ya wima, mita 1.65) na mlalo wa chini (mbao ya kulala, mita 1.97).
- 2x4, vipande 6. Viwili ni vya milalo ya juu na miimo ya ncha, viwili vya mishazari, kimoja cha kukamilisha milalo ya kati, kimoja akiba.
- 1x6, vipande 15. Kila kimoja hutoa mbao mbili za kusimama; zinahitajika 26, zinazobaki ni za kuchagua.
- Skrubu za milimita 50 zilizopakwa zinki, 200. Misumari ya kawaida huacha michirizi myeusi na huliwa na dawa ya mbao.

Kimo cha mita 1.65 hakikuchaguliwa kwa uzuri. 1.97 na 1.65 ni 3.62, na futi 12 ni 3.66. Ukipandisha geti hadi 1.75, kila ubao wa fremu unakupa kipande kifupi cha kuchomea mahindi. Lakini beba futi kamba: futi 12 za dukani wakati mwingine ni fupi, au ncha zimepasuka.

Kwa fremu kataa ubao wenye kiini cha mti katikati, wenye fundo kubwa ukingoni, na unaozunguka ukiuangalia kwa jicho moja kutoka kichwani.

Fremu na mshazari

Viungo vya pembe viwe vya ulimi na tundu, ulimi wa milimita 15 unaopita hadi nje, gundi isiyoyeyuka kwa maji, na vijiti viwili vya mti mgumu vya milimita 12. Kugonga pembe kwa misumari ni sawa na kuweka bawaba pale: pembe itazunguka.

Fremu ya pembe nne bila mshazari hulala tu, hata viungo viwe vizuri namna gani. Mshazari, ambao mafundi wengi huuita bresi, ndio unaobeba ncha. Na hapa ndipo mageti mengi yanapoharibika: mshazari wa mbao huanzia chini upande wa bawaba, hupanda hadi juu upande wa ncha. Mbao ni hodari ikisukumwa, si ikivutwa, maana inapovutwa kinachobeba ni skrubu tu. Milango miwili ikiwa imefungwa, mishazari ifanane na paa la nyumba. Ikionekana kama herufi V, fundi amekosea, au ametengeneza milango miwili kwa kigezo kimoja akasahau kuwa mmoja ni kioo cha mwingine.

Chuma ni kinyume. Ukitaka kusaidia kwa nondo ya milimita 10 yenye nyuzi na nati ya kukazia, ianzie juu kwenye bawaba ishuke hadi chini kwenye ncha, kwa sababu yenyewe hufanya kazi ya kuvutwa.

Mguu wa mshazari usiegemee skrubu. Chonga mfuo wa milimita 20 kwenye mlalo wa chini, karibu kabisa na mwimo wa bawaba, mguu ukae humo kama kisigino. Fanya vivyo hivyo juu. Mguu ukiteleza milimita 3 tu, ncha hushuka karibu milimita 5. Mshazari upite mzima. Mlalo wa kati ndio ukatwe vipande viwili. Na mlango ukiwa mpana sana na mfupi, mshazari hulala mno hadi hauna nguvu. Ukishuka chini ya nyuzi 35 kutoka mlalo, weka miwili, mmoja kila nusu ya mlango.

Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona. Kwa milimita 1,970 kwa 1,650, kila upande lazima usome 2,570. Tofauti ya milimita 3 inavumilika, zaidi ya hapo sukuma.

Mbao za kusimama zifungwe kwa skrubu mbili kila zinapokutana na mlalo, umbali wa sentimita 6 kati yake, zisikae kingoni mwa ubao, maana ubao ukinyauka utapasuka katikati. Ukijenga Septemba acha pengo la milimita 5, mvua zitalijaza. Ukijenga Machi acha milimita 2. Makambako ni habari nyingine: upepo wa kilomita 70 kwa saa kwenye mlango uliozibwa wote husukuma kwa nguvu ya kama kilo 70, hivyo acha mapengo ya milimita 15 hadi 20, pungufu ya faragha lakini mlango utabaki.

Paka rangi kila kipande kabla ya kukiunga, hasa vichwa vya mbao, kwani huko ndiko maji hunywewa. Mlalo wa juu uchongwe mgongo uteremke kidogo nje. Oili chafu ya gari usiipake: gundi haitashika, rangi haitashika, na miaka yote nguo zako zitaijua.

Bawaba na kutundika

Mwambie fundi chuma akutengenezee bawaba ndefu za chuma bapa, milimita 50 kwa 6, urefu usiopungua sentimita 65, yaani theluthi ya mlango, na pini ya milimita 20. Kila moja ikae juu ya mlalo, ifungwe kwa bolti 4 za milimita 10 zinazopita hadi upande wa pili, vichwa vya duara nje, washa pana na nati ndani. Jumla bolti 16. Mkia wa pini uwe na nyuzi na upite kwenye nguzo ukiwa na nati mbele na nyuma. Siku ukihitaji kuvuta ncha juu milimita chache utazungusha spana, hutatafuta mashine ya kuchomelea. Pini ya chini ielekee juu, ya juu ielekee chini, mlango usiweze kunyanyuliwa ukatolewa usiku.

Weka mlango juu ya vipande vya mbao kwenye kimo chake, inua ncha milimita 5 zaidi ya usawa wa pimamaji, ndipo utoboe nguzo. Viungo na bawaba hukaa vyema baada ya wiki kadhaa, na hizo 5 huliwa.

Katikati ya njia, mimina kizuizi cha zege chenye mgongo mdogo ulioinuka, milango ikifungwa ncha zipande juu yake milimita 3. Geti hufungwa saa nyingi za siku, na saa zote hizo mzigo unakuwa ardhini. Tundu la komeo la chini liwe na paipu inayotoa maji, vinginevyo litajaa tope. Weka pia kishikio cha kuzuia kila mlango ukiwa wazi, upepo usiubamize.

Gurudumu kwenye ncha ni mkongojo. Juu ya zege tambarare linavumilika. Juu ya moramu hupanda jiwe, huinua mlango, kisha huuangusha, na bawaba hulegea haraka kuliko bila gurudumu.

Likishuka, tafuta wapi

Anza na timazi kwenye nguzo. Ikiwa wima, shika ncha uinyanyue na uangalie pini: zikicheza, kaza nati au badilisha pini iliyolika. Zikiwa sawa, pima kona kwa kona. Kona ya juu ya bawaba hadi chini ya ncha ikiwa ndefu kuliko nyingine, mshazari umeteleza. Nyanyua ncha kwa jeki hadi vipimo vilingane, kisha gonga kabari ya mti mgumu kwenye mguu wa mshazari.

Mlango ukigusa mwenzake Februari na ukaachia wenyewe Agosti, usiurande. Huo umevimba kwa mvua tu. Ukiuranda utakuwa na pengo la kupitisha mkono kiangazi kizima. Kausha, ziba vichwa vya mbao kwa rangi, kaza bolti zote mara moja Juni, na tia grisi kwenye pini.